Bahasha Aliyoilalia Henri

— Dada, jina yako haiko humu.

— Angalia tena.

— Nimeangalia mara tatu. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, bantu kumi na tisa balileta dossier ya kuomba kazi. Adolphine haiko.

Adolphine akapiga meza kwa kiganja. Chupa ya maji ya Aline, sekretere wa ofisi, ikaruka na kubingirika hadi mlangoni.

— Munapoteza diplôme ya bantu, kisha munasema jina haiko? Ile ni originale, unasikia? Originale! Miaka tano ya Lubumbashi iko ndani ya ile enveloppe! Papa yangu aliuzisha shamba ya muhogo ju ya ile karatasi!

— Dada, shusha sauti. Hapa hakuna dossier inaingia bila kuandikwa ku cahier. Mwenye kuleta anaandika jina, anasaini, mi napiga cachet ku copie, anarudia nayo. Copie yako yenye cachet iko wapi?

Adolphine akaondoa kiganja mezani. Hakuwa nayo.

Siku ile ya mwisho ya kuweka maombi alikuwa kitandani, malaria imemkamata mpaka meno yanagongana. Mji mzima wa Baraka haukuwa na umeme, mashine za fotokopi zimelala, na saa sita mchana ofisi ilikuwa inafunga kupokea. Kwa hiyo alitia diploma yenyewe ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akapiga saini juu ya kifuniko ili asiifungue mtu. Henri, mchumba wake, alikuwa anakwenda kuweka yake kwa nafasi ileile. Akasema, lete, nikuwekee. Jioni akarudi na habari kwamba kila kitu kimekwenda sawa, ila cachet, muhuri wa ofisi, imekauka wino. Adolphine akashukuru, akalala. Nani anamdai mchumba wake risiti?

Nafasi ilikuwa moja tu: mkuu wa gereji wa shirika la afya, magari manane, kituo Baraka. Matokeo yalipobandikwa kwenye valve, lile bango la matangazo ukutani, jina lililoandikwa ni la Henri. Adolphine alilia siku moja, ya pili akampikia Henri kuku. Mmoja akipata, tumepata wote, alijiambia. Leo alikuja kuchukua diploma yake tu, aiombee kazi kwingine.

— Nigeuzie hiyo cahier.

Aline akaligeuza daftari. Mstari wa kumi na nne ulikuwa mwandiko wa Henri, zile herufi zake ndefu zilizoinama. Wa kumi na tano, mtu mwingine. Wa kumi na sita, mwingine. Adolphine akashuka na kidole hadi chini ya ukurasa, akapanda tena hadi juu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imechukua miezi mitano.

Simu yake ikalia mezani. Henri.

— Chérie, nisaidie mbio. Tuko ku njia ya Fizi, ku mupando. Moteur inapanda moto sana. Maji iko, courroie ya feni iko muzuri. Chef iko ananiangalia. Nifanye nini?

Haya ndiyo yalikuwa maisha yao tangu Henri aanze kazi. Henri alisomea ndege Kinshasa, na tumtendee haki, ndege anazijua: muulize bawa, muulize turbine, atakueleza mpaka jua lizame. Ila Land Cruiser haina bawa. Adolphine ndiye aliyesomea magari, na mara tatu, nne kwa wiki alikuwa anatibu magari ya shirika kwa simu, bure, kwa mapenzi, ili mchumba wake asiaibike.

Akabonyeza haut-parleur, sauti ya Henri ikajaa ofisi. Aline akaacha kupangusa maji.

— Henri, kabla ya moteur, nikuulize. Dossier yangu ya mwezi wa tatu ulimupa nani?

— Hein? Ile... nilimupa Aline mwenyewe. Aliipokea na mikono mbili. Ju ya nini?

— Na cachet?

— Si nilikuambia? Wino ilikauka. Chérie, moteur!

— Zima, acha ipoe. Kisha angalia mbele ya radiateur. Naona imejaa matope na majani, hewa haipite. Osha na maji toka upande wa moteur kuenda inje. Pole pole.

— Ah, we ni mukubwa! Jumamosi naleta mbuzi ya mahari kwa papa yako!

Akakata. Aline akasimama, mikono kiunoni.

— Ile siku nilipiga cachet kumi na tisa, na wino ilikuwa mupya. Uniombe pardon sasa.

— Pardon, dada Aline. Kasirani yangu nilipeleka ku muntu haiko mwenye kosa.

— Basi ipeleke ku mwenyewe.

Alikwenda kwa miguu, kwa hatua za mtu anayedai. Kwa akina Henri, Mama Anastasie, mama yake, alikuwa amekaa na ungo, anachagua mchele wa Jumamosi. Akamwona Adolphine, uso ukafunguka.

— Karibu mukwe! Kuya uone mucele ya ndoa yako, hata jiwe moja haiko.

— Mama, Henri aliacha enveloppe yangu hapa? Ya khaki, yenye jina yangu?

— Ile? Iko chini ya matelas yake. Alinikataza kuigusa, ati ni papier ya ndoa yenu. Nikifagia, nainuaka matelas pole pole kama naamusha mutoto. Ingia, ubebe, si ni yako?

Mama wa watu hakujua anachokisema. Adolphine akaingia, akainua godoro. Bahasha ilikuwa pale, imebanwa ikawa bapa kabisa, saini yake bado imekatiza kifuniko, gundi haijaguswa. Akaichana hapohapo. Diploma ikatoka na mkunjo mmoja katikati, juu ya jina lake.

Akapiga picha, akaituma bila salamu. Alama mbili zikawa za buluu mara moja.

"Uko wapi?"

"Ku chumba yako."

"Adolphine usifanye kitu. Nakuya."

"Sifanye kitu. We ulishafanya yote."

Aliporudi uani Mama Anastasie akaweka ungo chini.

— Mukwe, unalia?

— Hapana, Mama. Niko na kasirani.

Henri alifika na pikipiki, matope ya njia ya Fizi yamempanda hadi kwenye magoti. Hakuzima hata injini vizuri, ikakohoa yenyewe ikanyamaza. Mama Anastasie akajisogeza jikoni, lakini masikio aliyaacha uani.

— Nisikilize, chérie...

— Usiniite chérie. Sema neno moja tu: ju ya nini?

— Ju ya papa yako.

— Papa yangu ndiye alilalia enveloppe?

— Papa yako alisema mbele ya bantu, ingénieur bila kazi asilete mbuzi kwake. Unakumbuka? Mi nilikuwa nimekaa pale, nakunywa aibu. Nifanye nini, Adolphine? Niliandika Kinshasa, niliandika Goma, niliandika Lubumbashi, kila kampani ya ndege. Ku aéroport moja balinipa kazi ya kubeba valise. Valise! Niliomba kufundisha fizike, baliniambia nianze, mushahara itakuya siku Leta, ile serikali yetu, itakumbuka. We uko na njia kumi. Gari, pikipiki, groupe ya umeme, mashini ya mupunga, ma moteur ya mitumbwi ya Kazimia. Mi niko na ndege tu. Ndege gani inashukaka ku hii barabara yetu?

— Njia kumi? Nani aliniajiri ku hata moja? Ku garage ya kwanza baliniuliza kama nimekuya kutafuta bwana. Ya pili balinipa fagio. Ya tatu balisema nikae mbele, niuzishe mafuta, ati sura yangu italeta baclients. Ile kazi ilikuwa ya kwanza yenye kuandika "candidatures féminines vivement encouragées", banamuke baombe kwa wingi. Ya kwanza, Henri!

— Ndiyo ile iliniogopesha! Niliisoma, nikajua utanishinda. Ungechukua kazi, mi ningebaki na mikono mitupu, na papa yako angekupana kwa mwengine. Nilichukua kazi ili nikuoe. Uelewe. Nilifanya ju ya mapenzi.

Hapo Adolphine akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kusikia.

— Uliniiba ili unioe.

— Sikuipasua. Ningeweza kuitupa ku ziwa, hakuna mwenye angejua. Kila siku nilisema leo naitupa. Nilishindwa. Ni jina yako ile. Nilishindwa kuharibu jina yako.

Maneno haya yalimwuma kuliko yote, kwa sababu alijua ni ya kweli. Alimpenda mwanamume huyu tangu siku aliyochana ukanda wa karatasi kwenye daftari lake, akaupuliza kwa juu, ukapanda wenyewe. Ndiyo ndege ile, Adolphine, alimwambia, inapanda kwa sababu ya hewa tu. Alikuwa anang'aa macho kama mtu anayesali.

— Ulinionyesha namna karatasi inapanda, akasema. Yangu ukailalia. Miezi tano usiku unalala juu yake, na asubui unaniita: chérie, moteur inafanya hivi, chérie, boîte ya gia inalia. Haukusikia aibu hata kidogo?

Henri akapangusa matope kwenye magoti.

— Jumamosi kuya. Leta mbuzi, leta bajomba, leta kila kitu. Kisha simama mbele ya bantu bote, useme na kinywa yako kile ulifanya.

— Na nikisema, utanikubali?

— Sema kwanza.

Hakuwa anamtega. Jibu lenyewe alikuwa halijui, na ndilo lililomkosesha usingizi hadi Jumamosi.

Siku ilipofika, ua wa Papa Casimir, baba yake Adolphine, ulijaa. Upande huu bajomba wa Henri na makofia yao, upande ule mashangazi wa Adolphine na vitenge vya aina moja. Mbuzi walifungwa kwenye nguzo ya jiko, wakawa wanakula majani ya mihogo yasiyo yao. Msemaji wa akina Henri akasimama akamsifu kijana wao: ingénieur, mukubwa wa gereji, magari manane yanamsikiliza. Mashangazi wakapiga vigelegele. Henri alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwa desturi ya nyumba ile, baba humuuliza binti mara tatu kabla mkono haujagusa mali. Papa Casimir akamwita katikati.

— Adolphine, bantu hawa unabajua?

— Nabajua, Papa.

Vigelegele. Adolphine akamtazama Henri. Macho ya Henri bado yako kwenye viatu.

— Bale unabajua, tubakaribishe?

Akangoja. Alingoja mpaka shangazi mmoja akakohoa. Sema, alikuwa anamwambia moyoni, sema sasa, mwanamume wewe, nitafute njia ya kukusamehe. Henri akainuka nusu, mkono kwenye kiti.

— Papa, iko neno...

Simu yake ikalia. Na yeye, Mungu amsamehe, akaipokea, kama mtu anayezama na kukuta kamba. Alikuwa Jérémie, dereva wa ambulansi, na sauti yake ilisikika ua mzima.

— Chef! Tuko mbele ya Lusenda, gari imezima! Niko na mama wa kuzaa nyuma. Inawaka kidogo, inakufa. Inawaka, inakufa. Nilitia mafuta ya bidon, mazout, asubui. Chef, nifanye nini?

Watu wakamgeukia ingénieur wao kwa fahari. Henri akageuza simu mkononi.

— Chef, unanisikia? Mama iko analia!

Henri akanyoosha mkono, akampa Adolphine simu. Mbele ya wote. Adolphine angeweza kuiacha mkononi mwake imuunguze, lakini yule mama wa Lusenda hakumkosea kitu.

— Jérémie, sikiliza. Mazout yako iko na maji. Fungua capot. Filtre ya mazout, chini yake kuko kirobinet kidogo. Unaiona?

— Naiona.

— Fungua, maji itoke mpaka uone mazout safi. Umemaliza? Funga. Juu ya filtre kuko pompe ya mukono. Pompa mpaka ikaze kabisa. Sasa washa, usikanyage gaz.

Bajomba na mashangazi wakaisogelea simu. Kwenye simu injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika, ikanguruma.

— Inaenda! Asante, Madame Professeur! Mungu akubariki!

— Professeur gani?

— Si ni we? Sauti yako naijua sana. Chef akikuweka ku haut-parleur anatuambiaka ni professeur wake wa Kinshasa. Nakimbia!

Adolphine akamrudishia Henri simu.

— Professeur wako wa Kinshasa, akasema.

— Nini hii? Papa Casimir akauliza. Mutu anielezee.

Hapo ndipo Henri akasema. Alisema yote, haraka haraka, kichwa chini: malaria, bahasha, godoro, cachet ya uongo, simu za kila wiki. Alipomaliza, bajomba wake walikuwa wamevua makofia.

— Nimesema, Adolphine. Kama vile uliniomba.

— Umesema baada ya Jérémie kusema. Kulikuwa na nini tena ya kuficha?

— Nilikuwa natafuta nguvu...

— Nilikupa tangu juzi mpaka leo. Nilikupa maswali mbili ya Papa. Nilisimama hapa nakungojea mpaka miguu inauma!

Papa Casimir akashika paji la uso.

— Mutoto yangu, ni mi nilimusukuma. Lile neno la kazi...

— Ndiyo, Papa, na we! Mashangazi wakashtuka, hapakuwa na binti aliyewahi kuinua sauti kwenye ua ule siku ya mbuzi. — Uliuzisha shamba unisomeshe, nakushukuru mpaka nife. Lakini kazi uliuliza ya bwana tu. Yangu haukuuliza hata siku moja! Kama ungeuliza, huyu angeiogopa nini?

Mzee akasimama, kwa sababu desturi ni desturi, na swali la tatu lilikuwa bado.

— Adolphine. Mali hii tuipokee?

— Hapana, Papa. Irudi.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Anastasie ndiye aliyeinuka kwanza. Akaenda kwenye nguzo, akafungua kamba mwenyewe, akamsukumia mwanawe mkononi.

— Shika. Miezi tano nimefagia kando ya bwizi, nikisema ni ndoa. Beba mbuzi zako.

Alipopita karibu na Adolphine alimgusa shavu, akatoka nyuma ya mbuzi.

Wiki mbili baadaye Adolphine alipata ujumbe.

"Nimeacha kazi, nimetoa démission. Chef nimemuambia ukweli yote, na jina yako. Amesema kazi itapita tena ku valve, kila mutu aombe upya. Mi niko Kazimia, natengeneza moteur za mitumbwi chini ya fundi mwenye hakusoma. Najifunza. Siombe kitu."

Aliusoma mara mbili. Alikumbuka karatasi inayopanda, na hasira ikampanda pamoja nayo. Hakujibu.

Jumatatu alifika ofisini mapema, bahasha kifuani, safari hii na fotokopi. Getini alimkuta mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, anabishana na sentinelle, mlinzi wa ofisi. Alipomwona Adolphine akamkimbilia.

— Dada, samahani. Huyu anakataa niingie na mutoto. Unaingia? Uniwekee hii, tafadhali. Naitwa Nella. Nimetoka Lusenda, ku camp ya bakimbizi, toka asubui sana.

Adolphine akasoma juu ya bahasha. Chef de garage. Nafasi moja.

— We ni fundi?

— Nilisoma mécanique Bujumbura. Niliimaliza.

— Na mi naomba hii hii.

Mkono wa Nella ulibaki hewani na bahasha yake. Akaangalia geti, akaangalia jua, akaangalia ya Adolphine.

— Hakuna mbaya, akasema taratibu. Niwekee tu.

Adolphine akatikisa kichwa.

— Enveloppe yako usimupe muntu. Hata mi. Lete mutoto nimushike. Ingia mwenyewe, andika jina yako ku cahier, na usitoke bila cachet.

Nella akamtazama kidogo, kisha akafungua kitenge. Mtoto alikuwa mzito, ana joto, akamshika Adolphine sikio. Akakaa naye kwenye jiwe la getini, bahasha yake mwenyewe mapajani, mpaka Nella alipotoka ameinua juu kopi yenye wino mbichi. Akamrudishia mtoto, akaingia ndani kuandika jina lake.